Piano ya Durban na mizizi ya neno utu

Mwaka 2015 mpiga piano Mzulu wa Afrika Kusini alitoa albamu yenye jina la Kiswahili: Matunda Ya Kwanza. Mwanamuziki huyo ni Nduduzo Makhathini, na leo tunaitazama safari yake, akiwa mpiga piano na vilevile mtayarishaji wa muziki.

Makhathini alizaliwa mwaka 1982 huko uMgungundlovu, eneo la Pietermaritzburg, akakulia katika nyimbo za kanisani na za matambiko ya Kizulu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliteremka hadi Durban kusomea piano ya jazi, katika taasisi ambayo leo ni Durban University of Technology.

Durban ilikuwa imekwisha kumzaa gwiji mwingine, Bheki Mseleku, mwaka 1955. Utotoni Mseleku alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, lakini hilo halikumzuia kuwa bingwa wa piano. Mnamo 1980, enzi ya ubaguzi wa rangi, aliihama nchi yake. Albamu iliyomtangaza duniani, Celebration, ilitoka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alifariki London mwaka 2008. Makhathini alibahatika kumpata mzee huyo awe mlezi wake wa kimuziki.

Tofauti ya maisha yao ina funzo. Mseleku ilimbidi aende mbali ndipo ulimwengu umsikie. Makhathini, aliyefikia utu uzima baada ya uhuru wa mwaka 1994, alijenga kwanza nyumbani. Mwaka 2014 yeye na mkewe, mwimbaji Omagugu, waliasisi lebo yao wenyewe, Gundu Entertainment, wakatoa albamu moja baada ya nyingine. Mtayarishaji ndiye anayeamua kipi kirekodiwe na kwa sauti ipi. Kwa hiyo jazi, tenzi za kanisani na uganga wa jadi, ambao Makhathini mwenyewe anaushika, vilikutana pasipo kuomba ruhusa ya mtu.

Makampuni makubwa yalikuja baadaye. Mwaka 2020 alitoa albamu chini ya Blue Note ya Marekani, lebo iliyoanzishwa mwaka 1939. Mwaka 2022, albamu yake In the Spirit of Ntu ikawa ya kwanza kutolewa na tawi jipya, Blue Note Africa. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo: ntu ndilo shina la maneno yetu mtu na utu.

Vijana wetu wa Mombasa, Dar es Salaam na Bujumbura husubiri miaka mingi mfadhili wa kuwarekodi. Safari ya Makhathini haiwaahidi utajiri. Inawaonyesha tu kwamba anayerekodi mwenyewe matunda yake ya kwanza huingia katika mazungumzo na wakubwa akiwa na mali mkononi.