MAMA MWENYE MIMBA NA PICHA YA EKSIREI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mwatate)



Leo tumeweka kando habari za mishahara. Akina mama wa mashamba ya mkonge na wa machimbo ya vito wanauliza swali, nalo linahitaji jibu: je, mama mwenye mimba akipigwa picha ya eksirei, mtoto hudhurika?

Hofu hii haikuzuka bure. Miali ya eksirei iligunduliwa na Röntgen, Mjerumani, mwaka 1895, na kwa miaka mingi madaktari waliwapiga picha za tumbo wenye mimba ili waone mtoto alivyolala. Mwaka 1956 Daktari Alice Stewart wa Oxford, Uingereza, alionyesha kwamba watoto waliopigwa miali wakiwa tumboni walikufa kwa kansa zaidi ya wenzao. Basi desturi ile ikaachwa. Siku hizi mtoto hutazamwa kwa altrasaundi, ambayo hutumia mawimbi ya sauti tu, wala haina miali.

Lakini, ndugu zetu, picha si zote sawa. Miali hupimwa kwa kipimo kiitwacho miligrei. Mtoto aliye tumboni, hata mama asipokanyaga hospitali, hupokea kama miligrei 1 katika miezi tisa kutoka ardhini na angani. Picha ya kifua humfikishia mtoto miligrei 0.01 au chini yake. Picha ya jino, ya mkono au ya mguu ni ndogo hata kuliko hiyo, maana miali huelekezwa mbali na tumbo. Picha ya tumbo yaweza kufika miligrei 3. Ile mashine kubwa ya CT, ikipiga nyonga, yaweza kufika 50. Madaktari hawajaona kwamba kiasi kilicho chini ya 50 huleta kilema kwa mtoto. Hatari ya kansa yaweza kuongezeka kidogo sana, na ndiyo sababu hawapigi picha ovyo.

Basi tazameni hasara ya kukataa bila kupima. Mama anakohoa wiki tatu, anatoka jasho usiku, anakonda. Akikataa picha ya kifua, na kumbe ni kifua kikuu, ugonjwa utamla yeye, na mtoto atazaliwa mwepesi au kabla ya siku zake. Mwingine ana usaha kwenye jino; akingoja hadi ajifungue, usaha waweza kuenea mwilini. Hapo picha ndogo ni msaada.

Picha isiyo na ugonjwa ni jambo jingine. Mwajiri akitaka kila mwanamke apigwe picha kabla ya kuandikwa kazi, bila dalili yoyote, mwenye mimba hapati faida. Aombe iahirishwe, na chama kimsimamie. Wala asifiche mimba kwa kuogopa kunyimwa kazi: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya mimba. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Kwa hiyo twashauri hivi. Kwanza, ukiwa na mimba, au siku zako zimepita, mwambie daktari na mpiga picha kabla hujaingia chumbani. Pili, uliza: picha hii ni ya nini, na je, altrasaundi haitoshi? Tatu, kama ni ya lazima kwa matibabu, kubali. Nne, kama ulipigwa kabla hujajua una mimba, usihangaike wala usifikirie kuitoa. Rudi kwa daktari akupigie hesabu ya kiasi ulichopokea.

Na wenzetu wanaofanya kazi katika vyumba vya eksirei, hapa Mwatate, Voi au Wundanyi: mkipata mimba mjulisheni mkubwa wenu mapema, abadilishe kazi yenu. Chini ya Sheria ya mwaka 2019 ya Udhibiti wa Nyuklia, mashine hizo lazima ziwe na leseni. Kuulizia leseni ni haki ya mfanyakazi.

Wanaume, msiwaachie wake zenu jambo hili peke yao. Yasomeni haya nyumbani.

Umoja ni nguvu.