Mhandisi Atahiniwe na Mkulima



Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi ulikuwa frasila 2 hivi, yaani kiasi cha kilo 32. Mzigo uliofungwa vibaya haukungoja ripoti. Bega lilijibu siku ile ile.

Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973, miaka 6 baada ya Elimu ya Kujitegemea. Je, mradi wa mwanafunzi unajibiwa na bega gani, ikiwa unaishia kabatini?

Hapa Tabora kazi ipo. Tumbaku hukaushwa mabanini kwa kuni za miombo, na misitu inazidi kupungua. Mwanafunzi apewe bani moja la kweli. Kwanza, apime kuni zinazoingia tanurini na atafute mahali joto linapopotelea. Pili, ajenge tanuri bora kwa matofali ya hapo hapo, kwa gharama anayoimudu mkulima. Tatu, mkulima alitumie msimu mzima ndipo alama zitolewe. Likipasuka, mwanafunzi arudi kulitengeneza na kueleza sababu.

Yatasemwa kwamba msimu haufuati muhula. Ni kweli, basi mradi uanze mwaka wa tatu, umalizike wa nne. Ratiba ni kazi ya mikono yetu, nasi twaweza kuibadili. Msitu uliokwisha kukatwa hautatungoja.