Kabla ya Kukodi Mwongozaji wa Uvuvi Aberdare

Leo tunazungumzia kukodi mwongozaji wa kuvua trauti kwa nzi bandia katika mito ya Aberdare, Kenya. Samaki huyu si wa asili ya huku. Alipandikizwa Mto Gura mwaka 1905.

Trauti hukaa ameelekeza kichwa mto unakotoka, na kivuli kikimwangukia hutoweka. Mwongozaji stadi atakupitisha nyuma ya samaki huyo, taratibu, mkiwa mmeinama.

Kabla ya kulipa, uliza: amewahi kuongoza wavuvi kwenye mto huo? Bei inajumuisha vifaa, usafiri, leseni ya kuvua na kiingilio cha hifadhi? Kando ya mito hiyo hupita nyati na tembo. Je, mtaandamana na askari wa wanyamapori? Makubaliano yaandikwe.

Msikilize pia anavyozungumzia samaki wadogo. Anayejali atakwambia uloweshe mikono kabla ya kumshika samaki, ili usimtoe ute unaomkinga na magonjwa, kisha umrudishe majini upesi.

Akikwepa maswali haya, tafuta mwingine. Uhai wako ni bora kuliko samaki yeyote.