Askari wa Mizinga Wasirudi Kuwa Nambari Tu

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi, Kitale



Katika boma nyingi za huku kwetu kuna mzee ambaye habari zake ni maneno matatu: alienda keya, hakurudi. Wengine huongeza kwamba alifia Bama. Leo nataka tuwakumbuke walioondoka kwenda huko wasifike.

Mapema Februari 1944, meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ndani yake walikuwamo maafisa na askari 996 wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na wanamaji. Jumamosi tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani, I-27, iliipiga kwa topido. Meli ilizama kwa dakika chache tu. Kati ya watu 1,511, walifariki 1,297.

Bahari haina kaburi la kupalilia. Ndiyo maana bamba la ukumbusho lina kazi kubwa: ndilo kaburi lenyewe. Katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, kando ya Barabara ya Ngong, uko ukumbusho wa waliopotea na meli hiyo. Lakini bamba linalotaja rejimenti bila majina ya watu humwacha mjukuu amesimama pale asijue aguse wapi. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi hayo iliomba radhi kwa kuwa Waafrika wengi wa Vita vya Kwanza hawakuandikwa majina. Tusingoje kuombwa radhi tena.

Kwa hivyo nawasihi mfanye jambo moja. Kaeni na wazee wiki hii. Andikeni jina kamili la aliyeenda, jina la babake, kijiji, mwaka alioondoka, na nambari yake ya jeshi ikiwa ipo. Tafuteni barua, picha na medali. Pigeni nakala mpeleke kwa msimamizi wa wadi. Asili ibaki nyumbani, msimpe mtu yeyote.

Anayemkumbuka kwa sura leo ana zaidi ya miaka themanini. Akiondoka kabla hatujaandika, hakuna fundi atakayejua achonge nini.