Uchaguzi Wetu na Waandishi wa Habari
(Hotuba iliyotolewa katika sherehe za Jamhuri)

 

Uhuru wa 12 Desemba 1963 ulitupa haki ya kuchagua viongozi wetu. Haki hiyo haidumu pasipo habari za kweli.

Tunakumbuka 30 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Huku ughaibuni tulibaki na simu na uvumi. Nyumbani, watu zaidi ya 1,100 walikufa katika ghasia, na baadhi ya redio zilishutumiwa kuchochea chuki. Mwaka 2013 waandishi walilaumiwa kwa kinyume chake: walihubiri amani mno, wakaacha kuuliza maswali magumu.

Sisi wauguzi hatuandiki "mgonjwa anaendelea vyema" ili jamaa zake watulie. Tunaandika joto la mwili, saa, na aliyepima. Kipimo kisipotoka, tunasema hakijatoka. Ndivyo tunavyowaomba waandishi wetu wafanye.

Mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka Fomu 34A za vituo vya kupigia kura, zaidi ya 46,000, kwenye tovuti yake. Kila mtu aliweza kuzisoma. Lakini kila televisheni ilijumlisha fomu kwa mpangilio wake, hivyo huku anaongoza Ruto, kule anaongoza Odinga. Watu wakaingiwa na wasiwasi. Ingetosha kueleza kila saa: tumehesabu fomu kadhaa, za kaunti hizi, zimebaki kadhaa.

Mgombea akidai kura zimeibwa, mwandishi amuulize: kituo gani, fomu ipi? Tume ikificha fomu, aseme jioni hiyohiyo. Kuwapa wote wawili dakika sawa bila kukagua si haki. Ni kumwachia msikilizaji kazi ambayo hana nyenzo za kuifanya.

Nasi tuna sehemu yetu. Ujumbe tunaousambaza kutoka huku hufika kijijini kabla ya taarifa ya saa moja, na wanaoumia ni ndugu zetu, si sisi. Watoto wetu, Agosti 2027 mkituona tumeshika simu tayari kusambaza matokeo, tuulizeni: "Mama, Baba, fomu iko wapi?"