Chakula cha mgonjwa wa figo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Tukitembelea familia zilizorudi kutoka kambi za Tanzania, tunakuta wagonjwa wa figo wameambiwa: kula nyama upate nguvu. Familia inauza mbuzi, ama inakopa katika kasha la chama, kusudi nyama isikosekane. Juu ya hiyo tunasema leo.

Figo zinachuja damu. Zikichoka, uchafu wa protini unabakia mwilini. Maharagi nayo yako na protini, lakini asidi yake ni kidogo kuliko ya nyama, na fosfori yake haiingii yote katika damu. Kwa hiyo bugali, majani na maharagi kiasi si chakula cha aibu kwa mgonjwa.

Sasa hapa tunaomba masikio. Majani, ndizi na viazi viko na potasiamu. Figo dhaifu zinashindwa kuitoa, na ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Basi sombe, matembele, lengalenga: chemsha ndani ya maji mengi, mwaga yale maji, ndipo uunge. Tunajua wamama watasema vitamini inapotea. Kweli, kiasi inatoka, lakini kwa huyu mgonjwa afazali itoke. Ndizi na viazi, kata vidogo-vidogo, fanya vile vile. Maharagi yalale ndani ya maji, umwage, uchemshe kwa maji mapya.

Chumvi ya majivu, ile ya kulainisha sombe, iondoke kabisa katika chungu chake. Ni potasiamu tupu, karibu. Chumvi ya duka isifike kijiko kidogo kimoja kwa siku, tukihesabu na ya samaki wa chumvi. Ndimu na kitunguu vitaleta ladha.

Mzee mmoja aliuliza: na ndagala? Kidogo, si kila siku.

Anayesafishwa damu kwa mashine anahitaji protini zaidi. Aliyekonda sana pia asipunguze chakula bila muganga. Potasiamu haionekani kwa macho, inapimwa katika damu. Ndiyo maana tunaomba kamati: mkopo wa kwanza kwa mgonjwa uwe wa kipimo, mbuzi abaki nyumbani.

Mwenye presha, sukari ama miguu inayovimba, abaki kidogo kiisha mkutano. Tutamwandikia karatasi ya kwenda nayo hopitali.