Muuguzi Hufundishwa Nini Chuoni?



Kila matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotoka, wazazi hunijia kliniki na swali hili: "Sista, mtoto wangu amepata C+. Je, anaweza kusomea uuguzi chuo kikuu?" Naam, anaweza kuomba nafasi, mradi pia amefanya vizuri katika baiolojia, kemia na lugha. Masomo ya digrii huchukua miaka 4, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini chini ya uangalizi. Lakini leo nakuomba ujiulize swali jingine kwanza: je, mtoto huyu anaweza kutunza siri?

Nitakueleza kwa nini nauliza. Nilipokuwa mwanafunzi, nilipelekwa kufanya mazoezi katika kituo kimoja cha afya. Asubuhi moja alikuja msichana mjamzito, akapimwa damu. Majibu yalipotoka, muuguzi wa zamu alisimama mlangoni, akamwita kwa jina na kumwambia apeleke kadi yake chumba cha mwisho. Akina mama wote kwenye benchi walijua chumba kile ni cha watu wenye virusi vya ukimwi. Msichana aliinamisha kichwa, akajifunika leso yake, akatoka nje. Tulimngoja kliniki iliyofuata, na iliyofuata tena. Hakurudi. Dawa za kumkinga mtoto wake zilikuwa pale pale kabatini.

Muuguzi yule alijua kutoa damu, na dawa alizijua pia. Alichokosa ni kumheshimu mgonjwa. Nami niliyekuwa nimesimama hapo na daftari langu sikusema neno.

Msikilizaji, mambo haya hufundishwa darasani, na huwekwa kwenye mtihani kama somo lingine lolote. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilitoa maadili ya kazi hii mwaka 1953, na likayapitia upya mwaka 2021. Hapa nitataja manne.

Kwanza, utu. Kila mgonjwa ni mtu kamili, awe tajiri au maskini, wa kabila lolote na dini yoyote.

Pili, siri. Unayomwambia muuguzi hayaendi sokoni. Hapa Kenya, sheria ya mwaka 2006 kuhusu ukimwi inakataza kutoa majibu ya mtu bila idhini yake, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu.

Tatu, ukweli. Muuguzi akikosea dawa, ni lazima aseme mara moja ili mgonjwa aokolewe. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kuhakikisha mambo 5 kabla ya kutoa dawa: mgonjwa ni yule, dawa ni ile, kipimo ni sawa, njia ni sawa na wakati ni sawa.

Nne, ujasiri wa kumtetea mgonjwa, hata mbele ya mkubwa wako. Hili ndilo lililonishinda siku ile.

Je, lengo la masomo yenyewe ni nini? Ni kumpata muuguzi anayefikiri. Mtoto anayehara akiletwa, muuguzi hakimbilii kabati la dawa. Anamuuliza mama ameanza lini na kama ananyonya. Anatazama macho kama yamebonyea, anafinya ngozi ya tumbo aone inarudi upesi au polepole. Kisha anapanga: ORS, zinki, au kulazwa. Baadaye anarudi kuangalia kama mtoto ana nafuu. Kuchunguza, kutambua tatizo, kupanga, kutenda na kupima matokeo, hiyo ndiyo njia ya uuguzi. Sisi wa diploma tunaifuata pia. Mwenye digrii huongezewa mafunzo zaidi ya utafiti na uongozi, ili aweze kusimamia wodi na kuwafundisha wengine.

Sasa, mzazi, fanya mambo matatu. Muulize mtoto mwenyewe kama kazi hii anaitaka, au ni wewe unayeitaka kwa sababu ya mshahara wa ng'ambo. Hakikisha chuo kimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya kabla ya kulipa karo, la sivyo huenda akamaliza na asipate leseni. Tena, mwangalie nyumbani anavyomtunza nyanya yake akiugua.

Nawe unayekuja kliniki, una haki ya kuzungumziwa mahali pa faragha. Ukiitwa mbele ya watu, sema kwa upole: "Sista, naomba tuongee ndani." Nasi wauguzi tukiambiwa hivyo, tusikasirike.

Na kama wewe uliwahi kuondoka kliniki kwa sababu ya aibu kama ile, tafadhali rudi, au nenda kituo kingine. Dawa zipo, na hujachelewa kuanza.